Uvimbe Tumboni mwa Mtoto: Kabla ya Kisu

Ndugu wauguzi, matabibu, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, nanyi wazazi mliokubali kukaa nasi, asanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie uvimbe wa figo na wa tumbo, na somo hilo ni pana. Kwa mtu mzima, saratani ya figo siku hizi mara nyingi huonekana kwa bahati tu, mtu amekwenda kupigwa utrasaundi kwa tatizo jingine. Dawa za kawaida za kemotherapi haziiwezi, na tegemeo kubwa ni upasuaji. Huyo nitamwacha kwa leo. Nitakaa na mtoto, kwa sababu saratani ya figo ya mtoto inasikia dawa na inapona, na bado watoto wanatufia kwa mambo yanayotokea kabla hawajafika wodini.

Ugonjwa wenyewe huitwa uvimbe wa Wilms, kwa jina la Max Wilms, mpasuaji wa Kijerumani aliyeuandikia kitabu mwaka 1899. Huanzia kwenye seli changa za figo ambazo zilipaswa kukomaa mimba ikiwa inakua, zikabaki changa. Huwapata zaidi watoto wa kati ya miaka 2 na 5, takriban mtoto 1 katika kila 10,000. Hauambukizi, na mara nyingi sana haurithiwi. Mama hakula kitu kibaya, wala hakumkosea mtu. Nalisema hili mbele ya wote kwa kuwa nimewaona akina mama waliofika na mtoto mgonjwa mgongoni na lawama za ukoo mzima kichwani.

Anayeugundua kwa kawaida si daktari. Ni mama au bibi anayemwogesha mtoto, mkono ukakutana na kitu kigumu upande mmoja wa tumbo. Mtoto anacheza, anakula, hana homa, halii. Kwa kuwa haumwi, nyumbani wanasema ni bandama. Anachanjwa chale. Zahanati wanampa dawa ya minyoo, kisha ya malaria, kisha wanamwambia mama arudi mwezi ujao. Uvimbe haungoji mwezi ujao.

Bandama hushuka kutoka chini ya mbavu za kushoto, na huwezi kupitisha vidole kati yake na mbavu hizo. Figo iliyovimba iko nyuma zaidi: ukiweka mkono mmoja kiunoni kwa nyuma na mwingine tumboni, unauhisi uvimbe katikati ya mikono miwili. Uvimbe wa Wilms huwa laini juu yake, bila vinundu, na mara nyingi hauvuki mstari wa katikati ya tumbo. Ukikuta uvimbe wenye vinundu, umevuka katikati, mtoto amekonda, ana maumivu ya mifupa au weusi kuzunguka macho, fikiria nyuroblastoma, saratani nyingine ya watoto, ambayo mara nyingi huanzia kwenye tezi iliyo juu ya figo.

Mguse mara moja, kwa upole, kisha inatosha. Uvimbe huu ni kama embe lililoiva kupita kiasi: ngozi nyembamba, ndani laini, na ukilibonyeza linapasuka. Ukipasuka ndani ya tumbo, seli zinatapakaa, na mtoto ambaye angepona kwa dawa mbili sasa anahitaji tatu, na mionzi ya tumbo juu yake. Kwa hiyo nawasihi, wanafunzi wasipange foleni kuupapasa. Andikeni kwenye faili, kwa herufi kubwa: TUMBO LISIBONYEZWE.

Pimeni pia shinikizo la damu. Kwa watoto sijui kwa nini tunalisahau, ilhali karibu robo ya wenye uvimbe huu huwa nalo juu. Pimeni mkojo, maana wachache huwa na damu ndani yake. Tazameni macho: mtoto aliyezaliwa bila ile duara yenye rangi machoni, au ambaye upande mmoja wa mwili ni mkubwa kuliko mwingine, yuko hatarini kuliko wenzake na anastahili utrasaundi kila baada ya miezi mitatu akiwa mdogo.

Kipimo cha kwanza ni hicho hicho cha utrasaundi, na hospitali nyingi za wilaya zinacho. Anayepiga picha anatafuta majibu ya maswali machache. Je, uvimbe unatoka ndani ya figo, sehemu ya figo iliyobaki salama ikiwa imeuzunguka pembeni? Figo ya pili ikoje? Maana kwa watoto 5 hivi katika kila 100 zote mbili huwa na uvimbe. Je, mshipa mkubwa wa damu unaorudi kwenye moyo uko wazi, au uvimbe umeota ukaingia ndani yake? Ini je? Kisha picha ya kifua, kwa sababu mapafu ndiko unakopenda kusambaa. CT, ile picha ya kompyuta, ikipatikana, ni vizuri. Isipopatikana, msimzuie mtoto wilayani akiisubiri.

Sasa kisu. Mpasuaji mwenye nia njema anaona uvimbe, anataka kuutoa kesho yake, au anafungua tumbo akate kinyama cha kupeleka maabara. Kwa Wilms, kukata kipande kwa kufungua tumbo ni sawa na kuupasua: daraja la ugonjwa linapanda papo hapo. Wenzetu wa Marekani huanza na upasuaji na wana sababu zao; watoto wao hufika mapema, uvimbe ukiwa mdogo. Ulaya huanza na dawa, na kwa hali yetu ya kuletewa uvimbe uliojaza tumbo, naamini kwa dhati hiyo ndiyo njia yetu. Vinkristini kila wiki kwa wiki 4, na aktinomaisini mara mbili katikati yake. Ukiwa umefika mapafuni, inaongezwa doksorubisini na muda unakuwa wiki 6. Uvimbe unanywea, gamba lake linakuwa gumu, na hatari ya kupasuka mezani inapungua. Mtoto wa chini ya miezi 6 ndiye tunayemtoa kwenye utaratibu huu, kwa kuwa umri huo uvimbe wa figo unaweza kuwa wa aina nyingine, ambao mara nyingi hupona kwa upasuaji.

Kuna sababu nyingine ya kutokimbilia kisu, na ni ya kwetu kabisa. Mwaka 1958 Denis Burkitt, mpasuaji aliyekuwa Mulago, Kampala, aliandika juu ya watoto wenye uvimbe wa taya, wengi wao wakiwa na uvimbe tumboni pia, hata kwenye figo. Limfoma hiyo ya Burkitt, saratani ya chembe za kinga, inafuata ukanda wa malaria, na sisi wa Kanda ya Ziwa Victoria tunaishi ndani yake. Inaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Tiba yake ni dawa. Kufungua tumbo na kujaribu kuukwangua uvimbe wote ni kumchelewesha mtoto anayehitaji dripu ya dawa usiku huo huo.

Baada ya wiki za dawa, figo yenye uvimbe hutolewa nzima pamoja na tezi za jirani, na patholojia, maabara inayoukagua uvimbe kwa hadubini, ndiyo inayotuambia kilichobaki kufanywa: mwingine wiki 4 za dawa, mwingine 27, mwingine na mionzi. Hapa ndipo tunapowapoteza wengine. Mtoto amenenepa, kidonda kimepona, nauli imekwisha, shamba linangoja, na baba anauliza wanarudi kufanya nini. Ulaya watoto 9 katika kila 10 wanapona. Kwetu ni wachache mno kuliko hapo, na kuacha dawa katikati ni sababu mojawapo kubwa. Shirika la Afya Duniani mwaka 2018 liliuweka uvimbe huu kati ya saratani sita za watoto za kushughulikiwa kwanza, likilenga angalau asilimia 60 ya watoto wenye saratani wapone ifikapo 2030. Katika hospitali za Muhimbili, Bugando na KCMC dawa hizi zinatolewa. Kinachohitajika ni muuguzi mwenye namba ya simu ya mama, anayepiga siku ile ile mtoto asipoonekana.

Wazazi wengi huniuliza kama figo moja inatosha. Inatosha. Atasoma, atacheza mpira, atazaa. Apimwe shinikizo la damu kila mwaka, na asinunuliwe ovyo dawa za maumivu zinazoumiza figo. Kwa miaka 2 ya kwanza arudi kila baada ya miezi mitatu kwa picha ya kifua na utrasaundi, maana ukirudi, kwa kawaida hurudi ndani ya muda huo, na ukiwahiwa bado tuna dawa za kuupiga.