Puck lilimcheka nani?

Ndugu zangu, itazameni kwanza hii picha ukutani. Ni ya Januari 1893, kutoka jarida la vichekesho la Puck, New York. Mhamiaji kashuka melini na mzigo wake, na pale gatini mabwana wa makoti ya manyoya wamenyoosha mikono: rudi ulikotoka! Sasa angalieni vivuli nyuma yao. Kila bwana kivuli chake ni cha fukara aliyeingia Marekani na furushi, yeye mwenyewe au babaye. Mchoraji, Joseph Keppler, alikuwa mzaliwa wa Vienna, na Puck yenyewe ilianza kwa Kijerumani. Alijua anachokisema.

Keppler hakuogopa wakubwa. Mwaka 1889 aliwachora wenye makampuni makubwa kama majitu yenye matumbo ya magunia ya fedha, wamewasimamia maseneta kwa nyuma, na mlango wa wananchi umekomewa. Hiyo ndiyo sifa ya Puck, na inaistahili.

Lakini jarida hilohilo, mwaka 1882, liliwachora Waairishi, watu wa Ireland, wana sura za nyani. Na tuje 1899, Keppler keshafariki. Louis Dalrymple anachora darasa. Mwalimu ni Mjomba Sam, yaani Marekani yenyewe kwa sura ya mzee; dawati la mbele wameketi Ufilipino, Hawaii, Puerto Rico na Kuba, watoto wamenuna. Ubaoni imeandikwa kwamba Marekani itawatawala, waridhie wasiridhie, mpaka waweze kujitawala.

Wapo wanaosema Dalrymple aliwakejeli mabeberu. Mimi sikubali, na sababu yangu haiko ubaoni, iko pembeni. Mhindi Mwekundu kakaa peke yake karibu na mlango, kashika kitabu juu chini. Mtoto wa Kichina yuko nje, anachungulia. Na mtu mweusi yuko juu ya ngazi, anasafisha dirisha. Hana dawati wala kitabu. Hoja ya ukoloni imejengwa kwa maneno mengi. Huyu wa dirishani hakujengewa hoja yoyote, maana msomaji aliyelinunua jarida kwa senti kumi alitarajiwa kucheka bila kuelezwa.

Mwaka 1881 wachoraji kadhaa waliihama Puck wakaanzisha jarida pinzani, Judge, ambalo baadaye lilikipigia debe chama cha Republican huku Puck ikikipendelea chama cha Democratic. Walirushiana vijembe miaka na miaka. Kumchora mtu mweusi kuwa kichekesho, hilo hawakugombana.