Heda za Ekzosi kwa V8 ya Zamani: Mhadhara kwa Mafundi Vijana wa Unguja

Assalaamu alaykum, vijana wangu. Mumeniuliza: mteja akileta gari la Kimarekani la miaka ya 1960 kama Camaro au Mustang, lenye injini ya V8 (silinda nane, nne kila upande), akataka ile manifoldi ya chuma cha kalibu, inayokusanya moshi wa silinda za upande mmoja, itolewe afungiwe heda, yaani mabomba mbali mbali ya silinda hizo, achukue ipi? Jawabu langu ni fupi: bomba jembamba kuliko lile alilokuja nalo kichwani.

Chukueni injini ya Chevrolet 350, yaani ujazo wa inchi 350 za mchemraba au lita 5.7, iliyotoka mwaka 1967. Silinda zake huchoma kwa mpango wa 1-8-4-3-6-5-7-2, na zenye namba witiri ziko kushoto. Tazameni 5 na 7. Zinafuatana, tena upande mmoja. Ya 5 haijamaliza kutoa moshi, ya 7 nayo imeshafungua valvu na kumwaga wake humo humo. Kulia, 8 na 4 wana ugomvi huo huo. Heda huipa kila silinda bomba lake, kisha manne yakakutana kwenye kolekta, yaani bomba moja pana la kuyapokea. Moshi ukipita kwa kasi huacha mvuto nyuma yake. Mvuto huo huifagia silinda, na huvuta hata hewa mpya na petroli pale valvu zote mbili zinapokuwa wazi kwa pamoja.

Kasi ndiyo mali yenyewe. Ukitoka bomba la inchi 1⅝ ukaenda la 1⅞, kwa macho ni robo inchi tu, lakini nafasi ya ndani imeongezeka kama theluthi. Moshi ule ule sasa unatembea pole, na mvuto umepungua. Faida ya bomba pana huonekana injini ikilia juu kabisa. Basi niambieni, huyu bwana atailiza wapi? Mjini hadi Bububu, siku akifurahi afike Nungwi, na matuta njia nzima! Kwa 350 ya kawaida mpeni 1⅝ na kolekta ya inchi 3. Ikiwa kemshafti (ile inayofungua valvu) na silinda hedi zimebadilishwa, 1¾. Hayo ya 1⅞ na inchi 2 waachieni wenye injini kubwa kama 454.

Heda ndefu hutoa nguvu nzuri zaidi chini na katikati, lakini huning'inia. Fupi hufungika kwa urahisi, na faida yake ni ndogo. Mimi binafsi sioni sababu ya kuilipia. Pimeni nafasi hadi chini kabla hamjaagiza.

Na hapa ndipo wengi watakwama. Heda hizi zimechorwa kwa gari la Marekani, usukani kushoto. Gari likishahamishiwa usukani kulia, shafti ya usukani inashuka upande ule ule ambao Chevrolet imeweka stata. Bomba litagusa kimoja au vyote. Msiagize kwa picha. Ingieni chini na rula, pimeni kutoka uso wa silinda hedi hadi shafti, hadi stata, hadi fremu, na mkumbuke injini hutikisika juu ya mipira yake. Angalieni pia kofia za plagi: bomba likikaribia mno, zitaungua.

Chuma gani? Sisi tumezungukwa na chumvi. Chuma cheusi kilichopakwa rangi, rangi huungua mapema, kutu ikaingia. Bora chuma kisichoshika kutu, au chenye kupakwa seramiki ndani na nje. Ule utambaa wa kuzungushia bomba hutunza joto, sawa, lakini hutunza na unyevu. Kwa chuma cheusi hapa kwetu mimi siufungi. Na kuna atakayetaka kuokoa fedha achomelee heda kwa bomba la maji lenye zinki. Asithubutu: moshi wa zinki ni sumu kwa anayechomelea.

Flanji iwe nene, inchi ⅜ hivi, isipinde kwa joto. Mkimaliza kufunga, washeni, iacheni ipate moto, ipoe kabisa, kisha kazeni bolti upya. Mrudie tena baada ya siku chache, gasketi hulala. Halafu chomoeni plagi. Zikiwa nyeupe, petroli haitoshi, wekeni jeti kubwa zaidi (vile vitundu vya kupitisha petroli) kwenye kabureta.

Haya, nani ana suali? Wewe wa nyuma, anza.