Saa 8 usiku macho kodo

JUMA: Haya tumerudi tena, ila da Zai leo sauti yako mbona kama ya mtu alokesha matangani?

ZAI: Nimekesha kweli kaka. Saa 8 na robo niko macho kodo, nasikiliza feni, lile panga lake lililopinda linakwangua kwa! kwa! kwa! mbwa wa jirani akibweka tu naenda kucheki komeo, na nimelifunga mwenyewe kwa mkono huu, nikirudi kitandani nawaza hivi nililifunga kweli?

JUMA: Toka wale jamaa waingie.

ZAI: Mwaka wa pili sasa. Walibeba tivii na simu, na usingizi wakaondoka nao.

JUMA: Na ushauri haukukosa, nakujua mtaa wetu.

ZAI: Weee! Maziwa ya moto, asali, mama mkwe akaleta kombe nikanywa, sijadharau. Kilichoniharibu ni duka la dawa, nikapewa vidonge vya usingizi, diazepamu, bila hata cheti, mwanzo nalala kama gogo, baadaye kimoja hakitoshi, nikiacha moyo unadunda kama nimefukuzwa.

JUMA: Hapo jamani msiache ghafla, mnapunguza kidogokidogo na daktari.

ZAI: Ndo nilivyofanya. Daktari akaniuliza nakosa usingizi usiku mara ngapi kwa wiki, akasema zikifika 3 na miezi 3 imepita huo ukosefu wa usingizi ni sugu, na tiba ya kuanzia sio kidonge, ni kubadili mazoea na mawazo yako ya kulala, hata chama cha madaktari kule Marekani kilishauri hivyo 2016. Akasema we kitandani huendi kulala, unaenda lindo. Nilikuwa nakaa mle masaa 9, usingizi wenyewe masaa 5 na nusu, basi akaniambia nipande saa 6 usiku, saa 11 na nusu niko chini, iwe Jumapili iwe Idi.

JUMA: Subiri, mtu hajalala unampunguzia tena kitanda?

ZAI: Nilimwona kichaa! Ila usingizi ni kama njaa, ukidokoadokoa mchana usiku huli. Na kama dakika 20 hivi zimepita hujalala unatoka, nakaa sebuleni kwenye kigoda, taa hafifu, sina simu. Wiki ya kwanza nililala kwenye daladala nikapitishwa Ubungo, nikashtukia Mbezi mwisho.

JUMA: Dereva wa bodaboda asijaribu hiyo peke yake, wala mwenye kifafa.

ZAI: Kabisa, aongee na daktari kwanza. Na ile ndoto ya mlango kuvunjwa, mchana naiandika upya, mlango unagongwa, nafungua, ni muuza dagaa na ndoo yake, naipitia kichwani kila siku. Wiki iliyopita nimemuota kweli, na kanidai hela yake!

JUMA: Hahaha! Sasa jana imekuwaje?

ZAI: Upepo ulipiga bati. Zamani usiku mmoja hivi ungenizalia wiki nzima, leo mchana sijajilaza, saa 6 ileile napanda.

JUMA: Na feni?

ZAI: Fundi anataka elfu 15 kunyoosha panga moja, we unaona sawa hiyo?