Makofi ya Wembley

MWANTUMU: Haya wasikilizaji wetu, tumerudi hapa Tanga. Salimu wiki hii kaletewa rekodi ya onyesho la taarabu la Raskazone aisafishe, na tangu Jumatatu hana habari nyingine. Albamu ya leo ni Live at Wembley '86 ya Queen, bendi ya roki ya Uingereza, iliyorekodiwa jukwaani kwenye uwanja wa Wembley, London. Tuna mambo matatu: kurekodi, kuchanganya sauti, na kupanga nyimbo.

SALIMU: Ahsante, dada. Rekodi ya Raskazone imetoka moja kwa moja kwenye miksa ya ukumbi, yaani mtambo unaochanganya sauti za mikrofoni na kuzipeleka kwenye spika. Mwimbaji yuko mbele mno, besi haisikiki, watu hawamo kabisa. Miksa ya ukumbi hupeleka kwenye spika kile kilichopungua tu. Besi ikiwa na spika yake kubwa jukwaani, fundi mitambo huipunguza. Waliokuwapo walishiba. Rekodi ikabaki na pengo.

MWANTUMU: Dawa ni kugawa kila mikrofoni kabla haijafika kwenye miksa, waya mmoja kwa fundi wa ukumbi, wa pili kwa anayerekodi. Mikrofoni 16, kwa ubora wa biti 24 na kilohezi 48, faili zake ni zaidi ya gigabaiti 8 kwa saa. Na watu wawe na mikrofoni zao.

SALIMU: Hapo sasa! Wembley, tarehe 12 Julai 1986, Freddie Mercury, yule mtoto wa Mji Mkongwe, Zanzibar, anaimba Love of My Life na gitaa la mwenzake Brian May, uwanja mzima unamwitikia. Bila mikrofoni za watazamaji wimbo huo hauna nusu yake.

MWANTUMU: Lakini ziwekwe wapi?

SALIMU: Mbili kwenye ukingo wa jukwaa, zimeelekezwa kwa watu na kuzipa mgongo spika. Mbili nyingine nyuma, mita 30 hivi.

MWANTUMU: Za nyuma zinachelewa. Kila mita inakula karibu milisekunde 3, kwa hiyo mita 30 ni kama 87. Ukizichanganya hivyohivyo, ngoma inapigwa mara mbili.

SALIMU: Unaivuta ile sauti ya nyuma iwahi milisekunde 87. Kabla ya onyesho mtu apige kofi moja jukwaani, ulipate kwenye rekodi zote, uyalinganishe.

MWANTUMU: Na aliye mita 100? Wimbo unamfikia baada ya karibu theluthi ya sekunde, na kofi lake linatumia muda uleule kurudi jukwaani. Ndiyo maana makofi ya watu kwenye wimbo wao Radio Ga Ga uwanjani ni mapana, hayakatiki kama ya chumbani. Usiyanyooshe yote, utaua ukubwa wa uwanja.

SALIMU: Kwetu kuna vigelegele pia. Usipime kiwango ukumbi ukiwa mtupu. Acha nafasi, kilele kisivuke desibeli 12 chini ya mwisho wa kinasa sauti, maana kigelegele kimoja karibu na mikrofoni kinapasua sauti. Na upepo wa bahari, ivike mikrofoni kofia ya manyoya, ukate sauti nzito za chini ya hezi 100.

MWANTUMU: Bado tuko kwenye makofi, Salimu. Bohemian Rhapsody, ule wimbo wao wa balladi, opera, kisha roki, tuuguse?

SALIMU: Live Killers, albamu yao ya jukwaani ya 1979, iliweka sehemu ya opera kama ilivyokuwa uwanjani: kanda inapigwa, bendi haimo jukwaani. Live Magic, nyingine ya jukwaani ya 1986, ikaikata. Kuikata ni kumnyima msikilizaji onyesho.

MWANTUMU: Sikubali. Kanda ile ni ya studio, ya 1975, tayari ninayo nyumbani. Albamu ya jukwaani iniletee kilichopigwa na mikono usiku ule.

SALIMU: Watu waliisikia usiku ule! Walishangilia juu yake. Shangwe hiyo nayo uikate?

MWANTUMU: Shangwe ibaki, kanda iondoke.

SALIMU: Haziachani, dada. Zimeingia mikrofoni zilezile.

MWANTUMU: Basi fundi aunganishe mwisho wa balladi na mwanzo wa roki, kazi ya dakika chache.

SALIMU: Na mlio wa ukumbi utaruka pale kwenye kiungo, kila mwenye sikio ataujua.

MWANTUMU: Ataujua, na mimi nitaichagua iliyokatwa.

SALIMU: Mimi iliyo nzima.

MWANTUMU: Dakika zetu zimekwisha. Kuchanganya sauti na kupanga nyimbo hatukugusa. Salimu, Raskazone utaifanyaje?

SALIMU: Kuna mtu alirekodi kwa simu kutoka viti vya katikati. Nitatafuta kofi la kwanza, nilinganishe.