Pilau ya sikukuu bila nyama wala samli (na tafadhali msiunguze kitunguu)

Haya jamani habari zenu, karibuni tena jikoni, leo ni pilau. Pilau ya Krismasi, ya Idi, ya mwaka mpya, ya kipaimara cha mtoto, ya Jumapili tu kama umeamka na nguvu zako. Haina nyama, haina samli, haina maziwa wala yai, na haina ile supu ya kuku inayojificha kwenye vidonge vya kuongezea ladha. Najua kuna mtu hapo keshaanza kuandika "hiyo sio pilau, huo ni wali wa rangi". Usiondoke, kaa hapohapo, tutaongea mwishoni.

Kwanini bila nyama, ni nyie wateja wangu mmenisumbua. Mi nauza viungo vya pilau, wengi mnajua, na mnaoagiza sio walaji nyama peke yao. Wasabato wananiagizia wakati wa makambi, wapo wanaofunga Kwaresima, wapo walioambiwa na daktari wapunguze mafuta ya nyama. Na yupo wifi yangu, huyu hali chochote kinachotoka kwa mnyama, sasa kila sikukuu anakuja nyumbani anapewa wali mweupe na kabichi, eti "wifi, wako tumekutolea kabla hatujachanganya". Mtu amesafiri na basi siku nzima anakuja kula kabichi! Leo yupo sebuleni, anasikia harufu tu, hajui kinachoendelea.

Frenk shusha simu bwana, unatuonyesha dari.

Vitu vyetu hivi hapa. Mchele vikombe vinne, mi natumia wa Kyela kwasababu unanukia wenyewe kabla hata hujaugusa. Vitunguu maji vikubwa vinne, usiniletee viwili, vinne. Viazi mbatata sita vya wastani. Njegere kikombe kimoja. Soya, ile mikavu ya vipande, vikombe viwili. Tui zito la nazi kikombe kimoja. Mafuta ya alizeti nusu kikombe, na usiyaogope hayo mafuta, nyama ingekuwepo ingetoa mafuta yake, hapa hakuna wa kuyatoa. Kitunguu saumu na tangawizi vilivyotwangwa, kijiko kikubwa kikubwa kila kimoja. Chumvi. Na viungo, hivyo nakuja navyo taratibu maana ndo biashara yangu.

Mchele unaosha mpaka maji yatakate, unaloweka nusu saa, unachuja. Viazi unamenya unakata kati. Hayo mnayajua.

Soya sasa. Hii ni unga wa soya uliokwisha kukamuliwa mafuta, wakautengeneza vipande vikaukavu, ndo maana ukila hivihivi haina ladha yoyote. Unachemsha maji, unatia chumvi, unaimwaga humo dakika kumi. Itavimba. Alafu, hapa ndipo watu wanapokosea, unaikamua. Unaikamua kwelikweli, sio kuibembeleza, unaishika kwenye kiganja unaminya mpaka yale maji ya njano yatoke, unaisuuza na maji ya baridi, unaikamua tena. Yale maji ndo yana ile harufu ya maharage mabichi inayofanya watu waseme soya ni chakula cha kuku. Ikikauka, kaanga kwenye mafuta kidogo na tangawizi kidogo mpaka kingo ziwe ngumungumu. Weka pembeni. Kama hupendi soya achana nayo, tia uyoga au ongeza njegere, pilau haitakushtaki.

Viungo. Bizari nyembamba vijiko viwili vya chakula, hii ndo pilau yenyewe, ukiikosa hii acha kupika leo, pika kesho. Pilipili manga kijiko cha chai. Iliki nane. Mdalasini vijiti viwili. Karafuu nane, na nane ni nane. Hii ya kwangu inatoka Pemba, kali hiyo, na karafuu ndo ileile watu wanayobana kwenye jino bovu lipoe, kwahiyo ukijaza mkono mzima wageni watakula pilau ulimi umekufa ganzi wasijue hata kama chumvi imekolea. Bizari unaikaanga kavu nusu dakika kwenye kikaango, nusu unatwanga, nusu unaiacha nzima. Isugue kiganjani unuse, isiponukia hiyo imekaa dukani tangu mwaka juzi, haitakusaidia. (Ya kwangu inanukia, namba ipo hapo chini ya video, haya tuendelee.)

Sasa sogeeni. Frenk njoo karibu huku. KARIBU.

Kitunguu. Jamani naomba nisikilizwe hapa hata kama mengine yote mtaruka. Rangi ya pilau haitoki kwenye nyama, haitoki kwenye soya sosi, na wale wanaomimina soya sosi ili pilau iwe nyeusi mi nawaombea tu. Rangi ni kitunguu. Na ladha, ile ambayo mnadhani ni ya supu ya ng'ombe, nusu yake ni kitunguu. Sasa kama nyama haipo, kitunguu ndo kinabeba mzigo wote, ukikiunguza huna pa kujificha, pilau nzima chungu. Yupo mtu wa ukoo wetu mpaka leo ananiita Mama Mkaa, msiniulize kwanini.

Kata vyembamba na vilingane. Vilingane! Kipande kinene na chembamba kwenye sufuria moja, chembamba kitaungua wakati kinene bado kinalia. Mafuta yapate moto, tia vitunguu vyote, moto wa wastani, na usiondoke. Usiende kufungua mlango, usijibu simu. Mwanzoni hakuna kinachotokea, vinatoa maji tu, vinalainika, dakika tano, nane, unaanza kuona kama nakudanganya. Vumilia. Usiongeze moto kwasababu umechoka. Narudia, usiongeze moto kwasababu umechoka, hapo ndo nyumba nyingi zinapopotea.

Sasa vinaanza njano, mnaona pembeni huko? Kuanzia hapa koroga bila kuacha, maana kutoka dhahabu kwenda kahawia ni kama dakika moja hivi, na kutoka kahawia kwenda mkaa hata dakika haifiki. Na uwe na maji robo kikombe mkononi, sio kwenye ndoo kule, mkononi. Mi hapa ninayo, mnayaona. Tunasubiri... bado... bado... sasa ile harufu imebadilika, imekuwa tamu... sasa! Maji!

Aa Frenk kioo kimeshika mvuke. Hawajaona kitu. Futa, futa na fulana hiyo, haya. Jamani mmekosa rangi yenyewe, mnaona ukungu tu, pole. Bahati nzuri kabla sijatia maji nilichota kidogo nikaweka kwenye sahani nyeupe, hii hapa, sogeza kamera. Mnaona? Rangi ya tende, sio ya kahawa. Na muone kitu kingine, hivi vya sahani vinazidi kuwa vyeusi vyenyewe na moto hakuna, mafuta ya moto bado yanavipika. Ndo maana unatia maji mapema kidogo kuliko unavyodhani. Mapema. Ukisema "ngoja sekunde kumi tu" umeshachelewa. Kama yako imeshaungua, mwaga, osha sufuria, anza upya, vitunguu vinne vitakuuma kidogo lakini mchele, tui na viungo vitapona.

Yale maji yakishaingia yanachemka na vitunguu vinaachia rangi, unaviponda kidogo na mwiko, tazama mchuzi ulivyo kahawia, hapo hakuna nyama hata uzi.

Saumu na tangawizi zinaingia sasa, sio mwanzoni, saumu inaungua haraka kuliko kitunguu. Koroga kidogo, viungo vyote ndani, koroga mpaka jirani apige hodi. Viazi, chumvi, geuzageuza vishike rangi. Soya. Njegere. Maji vikombe vitano na tui kikombe kimoja, jumla sita kwa mchele wetu vinne, na hiyo ni kwasababu tumeloweka. Hujaloweka, ongeza kikombe au kimoja na nusu. Mchele mpya wa msimu huu, punguza kidogo, una maji yake, utakuletea bokoboko. Tui wengine hawatii kwenye pilau, hasa watu wa bara wananishangaa, ila kama hakuna nyama mi natia, wali unakuwa na ule utelezi mdomoni, na haligeuki kuwa wali wa nazi maana viungo vinalifunika.

Onja haya maji. Yawe na chumvi kidogo kuzidi unavyopenda, mchele ukiingia utainywa.

Yakichemka, na viazi vikiwa vimeanza kulainika sio kuiva, mchele ndani. Geuza mara moja, taratibu, funika. Usikoroge koroge, pilau sio uji. Moto mdogo na...

Eeh?

Gesi imekata. Jamani gesi imekata. Mtungi nimebadilisha juzijuzi tu, au ile juzi ilikuwa mwezi uliopita, sijui, Frenk usicheke, zima nenda kawashe jiko la mkaa hapo nje.

Tumerudi. Samahani, tumehamia uani, hizo kelele ni za kuku wa jirani, wao leo wako salama kabisa kwetu. Na kusema kweli imekuwa heri, maana pilau kwenye mkaa ndo pilau, na nilikuwa sijawaonyesha kupalia. Maji yalikuwa bado, kwahiyo nimeweka sufuria jikoni moto wa wastani, sasa hivi yamekaukia, ukiangalia juu kuna vishimo vishimo na hakuna maji yanayocheza. Hapo geuza mara moja tena kutoka chini, wa chini uje juu. Toa mkaa mwingi, bakiza kidogo tu chini. Funika na foili kisha mfuniko wa bati ulio bapa, sio wa kioo wala wa plastiki, na mkaa uliotoa uweke juu ya mfuniko. Dakika ishirini. Usifunue. Najua unataka kufunua. Kama uko kwenye gesi yako isiyokata, moto wa mwisho kabisa chini, foili, mfuniko uzibe, ni sawa, au tia kwenye oveni.

Wakati huo tengeneza kachumbari, kitunguu ukioshe na chumvi kwanza ukali utoke, nyanya, tango, pilipili, ndimu, basi. Mi natia na embe bichi likiwepo, watu wa nyumbani kwangu hawapendi, mi ndo napika.

Kitu kimoja kabla sijafunua, kwa mnaompikia mtu asiyekula vitu vya wanyama. Soma pakiti. Vile vidonge vya kuongezea ladha vingine vina kuku au ng'ombe ndani. "Siagi" nyingine za kupaka mkate zina maziwa. Na mwiko, jamani, usitoke kugeuza nyama kwenye sufuria ya pili ukaja nao huku, wifi yangu anaona hayo macho yake yakiwa yamefumba.

Haya, tutoe mkaa juu kwa koleo, taratibu majivu yasiingie. Frenk sogea ila usisogee sana na mvuke. Moja, mbili... ona hiyo. Ona punje zilivyoachana. Ile kahawia hakuna soya sosi humo, mmeshuhudia. Viazi vizima, havijavurugika. Na chini huku nikikwangua, sikia, ukoko. Ukoko huo haujaungua, umekauka tu, una mafuta na bizari yote iliyotuama, na huo hautoki kwenda mezani, tunaugawana hapahapa jikoni tuliopika.

Ule mjadala wa wali wa rangi sasa mnaweza kuuanza kwenye maoni. Mi nampelekea wifi sahani, sina haja ya kuongea naye sana, ataona.

Pakiti za viungo zipo, nzima na za kusaga, kila pakiti inatosha vikombe vinne vya mchele kama hivi, karafuu zake nimehesabu mwenyewe ili msijaze mkono. Dar nafikisha, mikoani natuma kwa basi, ila wa sikukuu agizeni mapema maana wiki ya mwisho mabasi yanajaa mizigo na mtanilaumu mimi. Frenk zima, ukoko unapoa.