Waifai ya Nyumbani Imepungua Kasi Ghafla: Tuanzie Wapi?

MWANAIDI: Karibuni tena. Leo tunazungumzia waifai ya nyumbani iliyokuwa ikienda vizuri hadi jana, na leo inasuasua. Kifurushi ni kilekile, ruta ni ileile, bili imelipwa, lakini video inazunguka tu na mazungumzo ya video yanakatakata. Tushike mfano mmoja: fleti ya ghorofa ya tatu, Upanga, Dar es Salaam. Faiba ya megabiti 40 kwa sekunde, na mtu aliyepima kwa simu akiwa chumbani ameona 4.

BARAKA: Hapo hapo dada, tusimame. Hiyo 4 haijatuambia lolote kuhusu laini. Imetuambia tu kwamba kati ya simu ile na seva ya kupimia kuna mahali pamebana. Na njia hiyo ina vipande vitatu: hewani kutoka kwenye simu hadi ruta, kisha ruta yenyewe pamoja na kisanduku cha faiba, kile kinachopokea mwanga wa uzi wa faiba, kisha mtandao wa mtoa huduma hadi nje ya nchi. Wengi huzima na kuwasha, wakagusa hiki, wakabadilisha kile, na hata ikipona hawajui nini kimeiponya. Wiki ijayo tatizo linarudi na wanaanza upya.

MWANAIDI: Ndiyo maana kipimo cha kwanza ni kwa waya.

BARAKA: Kwa waya. Chukua laptopu na waya wa mtandao wa Cat5e au Cat6, chomeka kwenye tundu lililoandikwa LAN nyuma ya ruta. Zima waifai ya laptopu, la sivyo inaweza kuendelea kupita hewani nawe ukadhani unapima waya. Tenganisha simu na runinga kwenye mtandao, funga programu zote, halafu pima mara tatu. Kila mara andika namba tatu: kasi ya kushusha, kasi ya kupandisha, na ucheleweshaji kwa milisekunde. Kama laptopu haina tundu la waya, adapta ya USB ya mtandao inatosha. Ukikosa kabisa, simama mita mbili kutoka kwenye ruta bila ukuta katikati, uwe kwenye masafa ya waifai ya gigahetsi 5. Si sawa na waya, ila itakupa picha.

MWANAIDI: Na waya wenyewe nao uangaliwe. Ndani kuna jozi nne za nyaya. Ikikatika moja kati ya zile mbili za ziada, waya bado unafanya kazi lakini unashuka kutoka megabiti 1000 hadi 100, na kipimo kinagota kwenye 94 hivi. Ikiwa mbovu zaidi unaweza kushuka hadi 10, na hapo mwenye kifurushi cha 40 ataona 9 na pointi. Kwenye mipangilio ya mtandao ya laptopu inaandikwa kama waya umeungana kwa 10, 100 au 1000. Tazama hapo kabla hujamlaumu mtu.

BARAKA: Nyongeza ndogo: megabiti 40 kwa sekunde ni megabaiti 5 kwa sekunde, unagawa kwa 8. Anayeona faili linashuka kwa megabaiti 4.8 anapata haki yake yote.

MWANAIDI: Haya. Kule Upanga waya umetoa 38. Simu chumbani bado ni 4.

BARAKA: Basi laini ni nzima, mtoa huduma hana kosa, ugonjwa uko hewani. Sasa unauliza: simu iko kwenye masafa gani? Ruta nyingi zinarusha mawili, gigahetsi 2.4 na gigahetsi 5, mara nyingi kwa jina moja, na simu inachagua yenyewe. Ile 2.4 inafika mbali na inapenya kuta, lakini ina chaneli, yaani vijia ndani ya masafa, tatu tu zisizogongana: 1, 6 na 11. Jengo la ghorofa lenye familia ishirini, kila moja na ruta yake, zote zinagombania hizo tatu.

MWANAIDI: Na kwa nini ianze ghafla? Hapa umeme una mkono wake. Ukikatika na kurudi, ruta za jengo zima zinawaka kwa pamoja. Iliyowekwa ichague chaneli yenyewe inachagua wakati ule inapowaka, wakati majirani nao ndio kwanza wanaamka. Jana ulikuwa peke yako kwenye chaneli 11, leo mko saba.

BARAKA: Pakua apu ya kuchunguza waifai kwenye simu ya Android, ikuonyeshe majina yote yanayosikika, chaneli zake na nguvu ya kila moja. Nguvu inaandikwa kwa namba hasi. Hasi 50 ni nzuri sana, hasi 67 inatosha kwa video bila shida, hasi 75 imeanza kuchoka, hasi 80 hapo usitegemee kitu. Soma ukiwa pale unapokaa kutumia intaneti, kwa sababu kila sehemu ya nyumba ina namba yake. Halafu ingia kwenye ruta. Anwani imebandikwa chini yake, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.100.1. Kwenye 2.4 weka chaneli iliyo na majirani wachache au wanaosikika kwa mbali kati ya 1, 6 na 11, na upana wa chaneli uwe megahetsi 20. Watu wanaweka 40 wakidhani watapata mara mbili. Kwenye fleti, ile 40 inameza karibu nusu ya masafa yote na inaokota kelele za kila mtu.

MWANAIDI: Wengine wanaweka chaneli 3 au 4 wakidhani wamejificha katikati.

BARAKA: Hiyo ni mbaya kuliko kukaa na majirani. Ruta mbili zilizo chaneli moja zinasikilizana na kupokezana zamu. Ukikaa kwenye 3 unagongana na wa 1 na wa 6, na kwao wewe ni kelele tu. Hakuna anayekupisha.

MWANAIDI: Tuje kwenye gigahetsi 5, kwa sababu hapo kuna jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Chaneli za 52 hadi 144 zinatumiwa pia na rada, zikiwemo za hali ya hewa. Kwa kanuni, ruta iliyoko huko ikisikia mapigo ya rada lazima ihame mara moja. Ikihamia chaneli nyingine ya kundi hilo, inasikiliza kwanza kwa sekunde 60 kabla ya kurusha, na kwenye masafa ya rada za hali ya hewa inaweza kuwa dakika 10. Muda huo simu yako imeshakimbilia 2.4, na simu nyingi hazirudi haraka hata 5 ikishafunguka. Mtu anaona 35, dakika moja baadaye 4, na inabaki hivyo mchana kutwa. Dawa: weka chaneli 36, au 149 kama ruta na simu zako zinaikubali.

BARAKA: Na uyape majina mawili tofauti, moja la 2.4 na moja la 5, uone mwenyewe simu iko wapi. Runinga na laptopu zipeleke 5. Kamera ya getini na vitu vya mbali viache 2.4.

MWANAIDI: Ukuta, kaka?

BARAKA: Tofali la saruji moja linavumilika. Kuta mbili pamoja na nguzo ya zege, gigahetsi 5 inabaki jina tu. Nyumba za mawe za Mji Mkongwe, Zanzibar, au Lamu, zenye kuta nene za mawe ya matumbawe, hapo usihangaike na mipangilio. Vuta waya hadi chumba cha pili na uweke kituo kingine cha waifai. Vile virudufishi vya kuchomeka kwenye soketi, vingi vinapokea na kurusha kwa masafa yaleyale, kwa hiyo kasi inakatwa karibu nusu. Pia tazama kama kuna mtu amehamisha ruta: nyuma ya runinga, juu ya friji, karibu na kioo kikubwa, ndani ya kabati. Wakati mwingine hiyo ndiyo sababu nzima. Na oveni ya maikrowevu inafanya kazi kwenye gigahetsi 2.45, kwa hiyo kasi ikianguka wakati wa kupasha chakula tu, umeshajua.

MWANAIDI: Kuna mpangilio mmoja wa usalama unaoua kasi kimyakimya. WPA ni kinga ya waifai yenye neno la siri, na TKIP na AES ni njia zake za kuficha data. Ruta ikiwekwa kwenye WPA ya zamani yenye TKIP, vifaa vinarudi kwenye waifai ya kale na haviwezi kuvuka megabiti 54 za hewani. Kwa matumizi halisi ni 20 na kitu, na hiyo ni siku njema. Weka WPA2 yenye AES, au WPA3 kama vifaa vyako vyote vinaikubali. Ukiwa hapo, fungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa na uvihesabu. Ukikuta usivyovitambua, badilisha neno la siri na uzime WPS, ile njia ya kuunganisha kifaa kwa kitufe au PIN.

BARAKA: Sasa tugeuze mfano. Waya nao umetoa 4.

MWANAIDI: Kabla ya kupiga simu, angalia nani anapandisha. Hili linawapiga watu wengi sana. Simu moja imeingia nyumbani ikiwa na picha na video za harusi, inaanza kuzihifadhi mtandaoni. Njia ya kupandisha inajaa. Na ikijaa, hata kushusha kunakufa, kwa sababu kila unachoshusha lazima kompyuta yako itume majibu ya “nimepokea”, na majibu hayo yamekwama kwenye foleni. Dalili yake ni ucheleweshaji: uliokuwa milisekunde 20 unakuwa 500 au zaidi.

BARAKA: Kipimo ni chepesi. Tenganisha kila kitu, ibaki laptopu moja kwenye waya. Kasi ikirudi, rudisha kifaa kimojakimoja hadi umpate mkosaji. Kisha, kama ruta ina sehemu ya kugawa kasi, weka kikomo cha kupandisha kwenye asilimia 85 hadi 90 ya kile ulichopima. Unapoteza kidogo, lakini foleni inakaa kwenye ruta yako, ambako unaweza kuisimamia.

MWANAIDI: Ikiwa laptopu peke yake bado ni 4, tazama kisanduku cha faiba. Taa ya PON, ya kuungana na mtoa huduma, iwe kijani isiyopepesa. Taa ya LOS ikiwa nyekundu, mwanga haufiki kabisa. Lakini kisa kigumu ni hiki: taa zote safi, kasi mbovu. Hapo mwanga unafika ukiwa dhaifu.

BARAKA: Kwenye ukurasa wa kisanduku, kama mtoa huduma hajaufunga, kuna namba ya mwanga unaopokelewa. Kwa vifaa vingi vya nyumbani vya GPON, aina ya faiba ya majumbani, mwisho wa kuvumilia ni hasi 27. Kila ikishuka kwa 3, mwanga umepungua nusu. Iliyokuwa hasi 19 ikawa hasi 28, imebaki na thumuni ya mwanga wake. Laini haipunguzi mwendo yenyewe, ila pakiti, yaani vipande vya data, zinaharibika njiani, zinaombwa tena, na kila programu inajipunguzia mwendo.

MWANAIDI: Na sababu mara nyingi iko ndani ya nyumba: kochi limesogezwa likaubana ule uzi mwembamba, au mtu ameufunga fundo ili usionekane. Usiukunje kwa duara dogo kuliko sentimita 6 kutoka upande hadi upande. Ukiukunjua, namba inaweza kurudi papo hapo. Kile kichwa cha kijani usikichomoe kukipangusa na shati. Vumbi dogo linatosha kukiharibia, na fundi ana kalamu maalumu ya kukisafishia. Na usichungulie ndani yake: leza yake haionekani kwa macho, lakini macho inaweza kuyadhuru.

BARAKA: Adapta ya umeme pia. Ruta inataka volti 12 na ampea 1.5, mtu kaweka ya volti 12 na ampea 0.5 iliyokuwa ya kifaa kingine. Inawaka, taa zinapendeza, lakini ikibebeshwa kazi umeme hautoshi, inajizima na kuwaka au waifai inalegea. Soma lebo: volti zilingane kabisa, ampea ziwe sawa au zaidi.

MWANAIDI: Kama hayo yote ni mazima, tatizo liko nje. Pima mara mbili: chagua seva ya Dar es Salaam, kisha seva ya London au Marseille. Ya hapa ikitoa 38 na ya nje 3, kisanduku chako hakihusiki. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika upande wa Afrika Kusini, na Tanzania, Kenya na majirani wakaumia pamoja. Siku kama ile video maarufu zinaweza kucheza vizuri, kwa sababu nakala zake zimehifadhiwa kwenye seva za karibu, huku tovuti ya kazini iliyoko Ulaya haifunguki. Kuwasha na kuzima ruta hapo ni kujichosha.

BARAKA: Ikiwa seva zote ni mbovu, angalia saa. Kuanzia saa moja jioni hadi saa tano usiku tu? Huo ni msongamano, hasa kwa wenye ruta za laini ya simu wanaogawana mnara. Mchana na usiku sawasawa, na namba inagota palepale, mfano 2 kamili? Soma masharti ya kifurushi: baadhi hupunguzwa kasi ukishavuka kiwango fulani cha gigabaiti.

MWANAIDI: Ndipo unapiga simu. Usiseme “neti iko chini”. Sema: nimepima kwa waya, laptopu peke yake, saa nne asubuhi na saa mbili usiku, nimepata 4 kushusha na 3 kupandisha, kifurushi ni 40, mwanga ni hasi 28. Mhudumu hana tena sababu ya kukwambia uzime uwashe.

BARAKA: Na usibonyeze kile kitundu cha kurudisha ruta upya kabla hujajua jina na neno la siri la laini yako, yale ya mtoa huduma, si ya waifai. Ukikibonyeza, mipangilio ya mtoa huduma inaweza kufutika na utabaki hata bila ile 4. Fundi akija, asiondoke kabla hajapima kwa waya mbele yako. Namba ya mwanga aliyoiacha iandike kwenye kipande cha karatasi, na tarehe, ukibandike ubavuni mwa kisanduku.