Straika kaondoka, tunatafuta nini? Mazungumzo ya usajili, Chake Chake

Assalaam alaykum jamani, sogeeni mbele, spika yenyewe imepasuka wa nyuma hamtonisikia.

Ligi ishakwisha na sisi tushaanza kuulizana tumlete nani. Leo nawapeleka Marekani kwenye besiboli, timu ya Oakland Athletics. Msimu wa 2001 walishinda mechi 102, ligi kumalizika tu wakaondokewa na watu watatu wakubwa kwa mpigo, mana kule mchezaji akishatimiza miaka 6 ligi kuu na mkataba umekwisha yuko huru, na Jason Giambi ndo nguzo yao, akachukuliwa na Yankees, timu tajiri ya New York, kwa dola milioni 120, miaka 7. Oakland mishahara ya timu nzima kwa mwaka ilikuwa kama milioni 40. Sasa wewe kiongozi utafanyaje hapo?

Meneja mkuu wao Billy Beane hakutafuta Giambi mwengine. Aliuliza, Giambi alikuwa akitupa nini khasa? Kupiga mbali, sawa, lakini pia alikuwa hatoki ovyo, anafika besi, vile vituo mpigaji anavyokimbilia mpaka azunguke apate pointi, hata kwa kusubiri tu pitcha, yule mrushaji, akosee mara nne apewe besi ya bure. Na watu wa kazi hiyo wakati ule walikuwa rahisi! Wakamchukua Scott Hatteberg, alikuwa kecha, yule anaechutama nyuma ya mpigaji kudaka, kiwiko kikaharibika mshipa hawezi tena kurusha, kashaachwa. Lakini jicho lake zima, mpira mbaya haugusi. Wakamuweka besi ya kwanza ambako kurusha ni kuchache, wakamfunza upya mtu mzima yule. 2002 wakashinda 103, mechi 20 mfululizo, na ile ya 20 walikuwa wanaongoza 11 bila, wapinzani Kansas City wakazirudisha zote, akaingia Hatteberg akaupiga ukatoka nje ya uwanja, 12 kwa 11.

Sisi mwaka juzi straika wetu kaondoka tukachanga, wengine humu mliuza karafuu, tukaleta mtu wa Bara mwenye jina na goti bovu, kacheza mechi tatu. Hakuna alieuliza yule wa mwanzo mabao yake yalitoka wapi. Mimi nimekaa na daftari la mechi, mengi ni krosi za beki wetu wa kushoto, yule kijana wa Wete, na bado yupo, hana hata viatu vya maana.

Kwa hivyo kamati tuonane kesho baada ya laasiri, kabla hajapigiwa simu wakala yeyote, na kijana aitwe, tujue anavaa namba ngapi.